Tafuta Mwiba Kabla ya Kuziba Tundu: Somo kwa Wenye Pikipiki



Katika somo la juma hili twataka kueleza habari za pancha ya pikipiki: jinsi inavyotokea, jinsi ya kuizuia, na jinsi ya kuiziba vema. Huenda wengine watasema kwamba jambo hili ni dogo mno, wala halistahili kuandikwa. Twawaomba hao wasome kwanza mpaka mwisho, kisha waamue.

Tumechagua kuzungumza juu ya Kiirua, katika Kaunti ya Meru, sehemu ya Buuri, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Upande wa juu kuna mashamba ya viazi na maharagwe, na mvua ikinyesha njia hugeuka kuwa matope. Lakini ukishuka kuelekea Ruiri na Isiolo, nchi yazidi kuwa kavu, na migunga yenye miiba mirefu yaanza kuonekana kando ya njia. Kwa hiyo pikipiki moja, katika siku moja, yaweza kupita juu ya lami, changarawe, matope, mawe makali na miiba. Mahali pa namna hii ndipo panapofaa sana kujifunza habari za matairi.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo vyombo hivi vimeenea vijijini kote. Leo pikipiki ndiyo inayochukua viazi mpaka sokoni, maziwa mpaka mahali pa kupimia, majani ya ng'ombe mpaka zizini, na fundi mpaka kazini. Usiku, mtu akiugua mbali na barabara kuu, mara nyingi pikipiki ndiyo inayomfikisha hospitali. Kwa hiyo tundu dogo katika mpira si shida ya mwenye pikipiki peke yake. Ni shida ya wote wanaomtegemea.

MFANO WA USIKU MMOJA

Tuchukue mfano wa mwendeshaji mmoja kijana. Hatumpi jina, kwa sababu mfano huu waweza kumhusu mwendeshaji yeyote.

Alasiri alikuwa akirudi kutoka upande wa chini, naye amepakia magunia. Gurudumu la nyuma likaishiwa upepo. Akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi wa pancha aliye kando ya soko, akasema, "Mzee, nizibie upesi, watu wananingoja."

Fundi akaichomoa tyubu, akaona tundu, akaliziba. Kisha akasema, "Kijana wangu, ngoja nilikague tairi lenyewe kwa ndani. Sijaona kilichotoboa."

Kijana akajibu, "Si umeziba, mzee? Rudisha tu. Nitakuja kesho ulikague."

Tairi likarudishwa, upepo ukajazwa, kijana akalipa akaenda zake. Saa mbili usiku akapigiwa simu na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na homa kali, tena anapumua kwa shida. Kijana akaja mara moja, akampakia mama na mtoto, wakashika njia ya kwenda Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Theresa, Kiirua. Kabla ya kufika nusu ya safari, gurudumu lile lile likalegea. Hapakuwa na fundi wala nyumba karibu. Kijana akapiga simu kutafuta pikipiki nyingine, na mama hakuweza kusimama akingoja. Akamfunga mtoto mgongoni akaanza kwenda kwa miguu gizani. Walipopata chombo kingine, saa nzima ilikuwa imepita. Mtoto alifika akiwa hai, na waganga wakamshughulikia. Lakini saa ile moja haikuwa mali ya kijana kuipoteza.

Asubuhi tairi lilipofunguliwa, fundi alipitisha kitambaa ndani yake, nacho kikanasa. Palikuwa na ncha ya mwiba wa mgunga, fupi kuliko punje ya mchele. Mwiba ulikuwa umekatika kwa nje, ukabaki kwa ndani. Ulitoboa tyubu mchana, ukaitoboa tena usiku, nusu inchi tu kutoka kwenye kiraka.

Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Maneno hayo ni kweli. Lakini katika habari za matairi hayana budi kuongezwa neno moja: anayeziba ufa bila kutazama kilichoupasua ukuta, ataziba tena kesho. Tundu katika tyubu si ugonjwa wenyewe, ni dalili. Ugonjwa umo katika tairi, au katika rimu, au katika upepo usiopimwa. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu.

ASILI YA GURUDUMU LA UPEPO

Hapo zamani magurudumu yalikuwa ya mti na chuma, na msafiri alitikisika mifupa yote. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la mpira lenye upepo ndani, lakini uvumbuzi wake haukuenea. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, aliyekuwa mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati yake baada ya kuitengenezea magurudumu ya upepo baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Watu wakaona kwamba baiskeli ya upepo yaenda mbio kuliko zote.

Hata hivyo palikuwa na shida. Matairi yale ya kwanza yaligandishwa kwenye gurudumu. Mtu akipata pancha, kazi ya kubandua, kuziba na kugandisha ilichukua muda mrefu, na gundi ilitaka kungojewa ikauke. Mwaka 1891 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walipata hati ya tairi la baiskeli linaloweza kubanduliwa na kurudishwa. Kwa hiyo tairi tunaloweza kulifungua kando ya njia kwa vyuma viwili na nguvu za mkono lilitokana na shida ya pancha. Watu wale hawakutosheka kuziba tundu tu. Waliuliza kwa nini kuziba kuwe kugumu, wakaibadili kazi yenyewe.

JINSI YA KUSOMA TUNDU

Tyubu ikichomolewa, usiharakishe kushika gundi. Itazame kwanza, kwa maana kila tundu husema habari zake.

1. Tundu moja dogo upande wa nje wa tyubu, yaani upande unaoelekea barabara, maana yake ni mwiba, msumari, waya au kipande cha kioo. Kitu hicho chaweza kuwa bado kimo ndani ya tairi.

2. Matundu mawili yaliyopangana kama macho maana yake ni upepo mchache. Gurudumu liligonga jiwe au ukingo wa shimo, na tyubu ikabanwa baina ya jiwe na rimu. Hapo usitafute mwiba, tafuta pampu.

3. Tundu upande wa ndani, unaoelekea rimu, maana yake ni kwamba ncha ya spoku imetokeza, au ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umechakaa au haupo kabisa. Waendeshaji wengine huutupa ukanda huo wakidhani ni uchafu. Kumbe ni ngao ya tyubu.

4. Mpasuko kwenye shina la valvu maana yake ni kwamba tairi limekuwa likizunguka kidogo kidogo juu ya rimu na kuivuta tyubu pamoja nalo. Hutokea upepo unapokuwa mchache, hasa gurudumu la nyuma. Utalitambua mapema ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima. Mpasuko wa namna hii hauzibiki vema. Nunua tyubu mpya.

5. Mkato mfupi karibu na ukingo, ulioonekana mara tu baada ya tairi kurudishwa, ni kazi ya vyuma vya fundi mwenyewe. Tyubu ilibanwa wakati wa kurudisha tairi.

6. Kama upepo hupungua polepole wala tundu halionekani, paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Povu likipanda, shida ni kiini cha valvu. Kikaze au kibadili. Kifuniko cha valvu si pambo. Huzuia vumbi na matope yasiingie.

JINSI YA KUZUIA PANCHA

Kwanza, pima upepo. Hili ni kubwa kuliko mengine yote. Tairi lenye upepo mchache hukunjika sana kila linapozunguka. Kukunjika huleta moto, na moto hudhoofisha mpira. Tena mwiba hupata nafasi ya kuzama polepole. Tairi lenye upepo kupita kiasi nalo huwa gumu, huruka juu ya mawe, na hukatwa upesi na kokoto kali. Pikipiki nyingi ndogo za uchukuzi hutaka kadiri ya pauni 25 kwa inchi ya mraba gurudumu la mbele, 28 la nyuma kwa mwendeshaji peke yake, na 32 la nyuma akipakia abiria. Lakini aina zatofautiana. Soma kitabu cha pikipiki yako au kibandiko kilichobandikwa kwenye chombo, ukafuate hayo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa maana likipata moto upepo hutanuka na kipimo hudanganya. Kupima kwa kubonyeza kwa kidole au kupiga teke hakufai. Kipimo kidogo cha upepo chaweza kununuliwa na waendeshaji watano au sita kwa shirika, wakakitunza pale wanapongojea abiria.

Pili, kagua matairi kila jioni. Zungusha gurudumu polepole penye mwanga, ukatoe kila kokote na mwiba ulionasa baina ya meno ya tairi. Mwiba uliozama leo robo yake, kesho utazama wote. Kazi hii haifiki dakika tano.

Tatu, usitumie tairi lenye kipara. Meno yakiisha, mpira uliobaki ni mwembamba, na mwiba usio na nguvu hata kidogo hupenya. Tena tairi la kipara huteleza katika matope na juu ya lami yenye maji. Ukiona nyuzi zimetokeza, au mipasuko pembeni, tairi hilo limekwisha. Siku hizo likatwe liwe viatu vya akala, na tyubu yake ikatwe kamba za kufungia mizigo. Kazi ya barabara limemaliza.

Nne, angalia mzigo. Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu nyuma ya mwendeshaji. Mzigo mzito juu ya gurudumu la nyuma huibana tyubu kwenye rimu kila linapopita shimo, huvunja spoku, na spoku iliyovunjika hutoboa kwa ndani. Twajua kwamba wakati wa mavuno ya viazi kila mtu ataka gunia moja zaidi. Lakini gunia lile la zaidi hulipwa na tairi.

Tano, tazama njia. Usipande juu ya matawi ya miiba yaliyokatwa, wala usifuate ukingo wa barabara ambako vioo na misumari hukusanyika. Mahali palipochomwa matairi ya magari pana hatari kubwa: mpira huungua, lakini nyaya nyembamba za chuma zilizokuwamo hubaki barabarani, nazo hupenya tairi la pikipiki kama sindano. Pita mbali, au shuka uisukume.

PANCHA IKITOKEA NJIANI

Utaona gurudumu la nyuma likiyumba huku na huku kama mkia, au usukani wa mbele ukiwa mzito. Usishike breki kwa nguvu. Shika usukani kwa imara, punguza moto polepole, tumia breki ya gurudumu lenye upepo kwa upole, ukatoke kando ya barabara. Pancha ya mbele ni mbaya kuliko ya nyuma, maana gurudumu la mbele ndilo linaloongoza.

Abiria ashuke. Usiendeshe pikipiki juu ya tairi lisilo na upepo, hata kama fundi yuko karibu, ila kama uhai wa mtu wahitaji hivyo. Mwendo mfupi tu watosha kuichana tyubu na kukata nyuzi za tairi. Aliyekuwa na tundu moja atafika na tyubu ya kutupa.

Yafaa kila mwendeshaji awe na mfuko mdogo chini ya kiti: vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ya nati za magurudumu, pampu ndogo, viraka, gundi ya mpira ambayo mafundi huiita solusheni, kipande cha msasa, na chaki. Anayesafiri usiku au mbali achukue pia tyubu nzima ya akiba. Kubadili tyubu gizani ni rahisi kuliko kuiziba. Iliyotoboka itazibwa nyumbani kwa utulivu.

JINSI YA KUZIBA PANCHA

Simamisha pikipiki mahali pagumu. Zungusha gurudumu utafute msumari au mwiba. Ukiuona, usiung'oe bado. Weka alama ya chaki hapo kwanza. Kisha weka alama nyingine kwenye tairi mbele ya valvu. Alama hizi mbili zitakusaidia kulinganisha tundu la tyubu na mahali pake katika tairi.

Toa gurudumu. Kwa gurudumu la nyuma, legeza nati ya ekseli, fungua fimbo ya breki, sogeza gurudumu mbele, uondoe mnyororo, ndipo uchomoe ekseli. Panga nati na pete zake juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule ulivyozitoa. Nati iliyopotea majanini ni hatari kuliko pancha.

Toa kiini cha valvu ili upepo wote uishe, na fungua nati inayoshika valvu. Kanyaga tairi kwa kisigino mpaka ukingo wake uachane na rimu pande zote mbili. Sukuma ukingo uliokabili valvu uingie katika bonde la katikati ya rimu; hapo utapata nafasi upande wa valvu. Ingiza chuma karibu na valvu, inua sehemu ndogo, kisha ingiza cha pili kando yake. Usinyakue sehemu kubwa kwa mara moja. Upande mmoja ukishatoka, chomoa tyubu.

Jaza tyubu upepo kidogo, ipitishe katika karai la maji, utazame mapovu. Kama maji hayapo, ipitishe karibu na shavu au mdomo ulioloweshwa; utausikia upepo. Zungushia tundu alama kubwa, na uendelee mpaka uimalize tyubu yote, maana pengine matundu ni mawili.

Sasa ndipo kazi ya lazima. Iweke tyubu juu ya tairi kwa kufuata alama ya valvu, uone tundu laangukia wapi. Kagua hapo kwa nje na kwa ndani. Kisha chukua kitambaa, ukipitishe ndani ya tairi lote polepole. Usitumie vidole vitupu, maana waya hukata. Kitambaa kikinasa, pana kitu. Kitoe kwa koleo. Pitisha tena. Kagua na rimu: vichwa vya spoku na ukanda wake. Kama hukupata sababu, usirudishe tairi, tafuta tena.

Ikaushe tyubu. Sugua kwa msasa mahali papana kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe, ukafute vumbi. Paka solusheni nyembamba, ungoje. Hapa ndipo wengi hukosea: hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Ngoja dakika chache mpaka isishike kidole wala isimetemete. Bandika kiraka, ukikandamize toka katikati kwenda pembeni ili upepo usibaki chini yake, ukisugue kwa kitu kigumu. Nyunyiza unga wa chaki kisishikamane na tairi. Jaribu tena majini.

Mafundi wengi huziba kwa moto. Hubana kiraka cha mpira mbichi juu ya tundu kwa chuma chenye pistoni kuukuu, wakatia petroli kidogo ndani ya pistoni, wakaiwasha. Moto huupika mpira mpaka ukawa kitu kimoja na tyubu. Kiraka hiki kikifanywa vizuri ni imara sana. Lakini yapasa kuangalia mambo matatu. Kazi ifanywe mbali na pikipiki na chupa ya petroli, tena watoto wasiwe karibu. Petroli isiongezwe kamwe wakati moto ungali ukiwaka. Juani mwali hauonekani vema, na moto huweza kurukia chupa iliyo mkononi. Na chuma kisifunguliwe mpaka kipoe, wala moto usizidi, kwa maana mpira uliopikwa kupita kiasi hukakamaa na kupasuka pembezoni mwa kiraka.

Kurudisha: jaza tyubu upepo kidogo tu ipate umbo lake, iingize bila kujikunja, na valvu isimame wima. Anza upande uliokabili valvu, umalizie kwenye valvu, ukitumia mikono na miguu kadiri uwezavyo, na vyuma mwisho kabisa. Ukingo ukiwa mgumu, paka maji ya sabuni. Usitumie oili wala dizeli, huozesha mpira. Kabla ya kujaza, sukuma valvu ndani kidogo kisha uivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Jaza, utoe upepo wote, ujaze tena. Hivyo mikunjo hunyooka. Tazama ule mstari ulio kando ya tairi: sharti uwe sawa na rimu pande zote.

Mwisho rudisha gurudumu, unyooshe mnyororo, ukaze nati zote, na ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Watu wamewahi kuondoka na tairi zima na breki isiyofungwa.

MATAIRI YASIYO NA TYUBU, NA DAWA ZA MAJI

Pikipiki nyingine zina matairi yasiyo na tyubu. Haya huzibwa kwa uzi mnene wa mpira unaosukumwa tunduni toka nje. Njia hii yafaa kwa tundu dogo lililo katikati, penye meno. Haifai pembeni mwa tairi, maana sehemu hiyo hukunjika daima na uzi hutoka.

Ziko pia dawa za maji zinazotiwa ndani ya gurudumu ili kuziba matundu madogo zenyewe. Husaidia kufika nyumbani. Lakini mwenye kuzitumia akumbuke kwamba dawa huficha dalili, na mwiba hubaki palepale. Akifika, na afungue akague.

WAJIBU WA JIRANI

Si waendeshaji peke yao wanaohusika. Mwenye boma akikata miiba ya ua, asiiburute njiani na kuacha matawi. Seremala na mwenye duka la mbao waokote misumari yao. Vioo visitupwe barabarani. Na waendeshaji wa kituo kimoja wanaweza kuandika katika daftari moja: tarehe, mahali pancha ilipotokea, gurudumu gani, na sababu iliyopatikana. Baada ya miezi michache daftari litawaonyesha kama shida yao kubwa ni kona fulani yenye miiba, au matairi ya kipara, au upepo usiopimwa. Mtu asiyeandika huilaumu bahati, lakini aliyeandika huijua sababu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Matundu mawili yaliyopangana yaonyesha kosa gani?
2. Kwa nini upepo hupimwa asubuhi?
3. Kwa nini tairi huwekwa alama mbele ya valvu kabla ya kufunguliwa?
4. Taja mambo matatu ya kuangaliwa katika kuziba kwa moto.
5. Valvu iliyoinama ina maana gani?
6. Katika mfano wetu, ni dakika ngapi ambazo kijana alizikataa kwa fundi, na zilimgharimu mama yule nini?

Swali la mwisho lijibiwe polepole. Fundi aliomba muda wa kupitisha kitambaa ndani ya tairi, muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Kijana aliona kwamba anaokoa wakati. Kumbe wakati ule ulikuwa wa mtoto ambaye hakumjua bado.

Basi, ndugu mwendeshaji, utakapopata pancha tena, usimwambie fundi, "Niharakishie." Mwulize, "Umeona kilichotoboa?" Akikuonyesha mwiba kiganjani mwake, mlipe kwa moyo mweupe, uende zako salama.